Nilivyoacha kununua belo kwa kufumba macho

Kila nikisema nauza mtumba, lazima atokee wa kuniambia, "Mtumba bahati tu, mama." Neno hilo linanikera. Lilinila laki nne kasoro kidogo, na aliyelisema hakunichangia hata nauli.

Meza yangu ipo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nilianza kwa kuchagua: alfajiri wenye mabelo, yale marobota ya nguo, wanafungua, mnagombania moja moja, ukitoka na ishirini nzuri unashukuru. Faida ni ya kuokoteza, lakini unachonunua unakiona. Dada wa meza ya jirani akawa ananisimanga nitakua lini, ninunue belo zima kama wenzangu. Nikamwomba mwongozo. Akanipa vitu viwili: liwe zito, na liwe limetoka Korea. Nikayameza yote mawili bila kutafuna.

Nikashuka Dar es Salaam, nikarudi na belo la kilo 45, limeandikwa sweta za wanaume, gredi A. Zito kweli. Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ile ya kuongea moshi unatoka mdomoni, watu wakalizunguka kabla sijashika kisu. Nikakata mikanda, belo likatutumka kama unga wa maandazi. La juu kabisa lilikuwa jeusi, shingo ya V, safi. Likaondoka palepale kwa elfu kumi. La pili hivyo hivyo. Moyoni nilishaanza kununua mabati.

La nne nikalivuta, likaja limesimama lenyewe. Nalikunja, linakunjuka. Lilikuwa la sufu halisi, huko lilikotoka lazima liliuzwa ghali, ila mwenyewe alilitia kwenye mashine na maji ya moto. Sufu ukiifua hivyo inarudi, yaani inasinyaa, nyuzi zinashikana, linabaki zulia lenye mikono. Upana ni wa mwanaume mzima, urefu wa mtoto wa darasa la pili. Kijana mmoja wa bodaboda akasema si neno, litanyooka akilivaa. Likapita kichwa, likapita mkono mmoja, wa pili ukakataa, na kutoka nako likakataa. Tulimvua watu watatu, mmoja kamshika kiuno. Soko zima lilicheka, na mimi nilicheka, maana kulia mbele ya wateja si biashara. Usiku nikahesabu: masweta 112, na humo mazulia 61. Kesho yake jina langu likawa Mama Zulia. Mpaka leo wapo wasionijua kwa jina lingine.

Lakini muuzaji hakunidanganya. Hayakuwa na tundu, hayakuwa na doa. Aliyeyapanga kwenye gredi A alitazama mchaniko na uchafu, hakulivaa hata moja. Tangu hapo gredi kwangu ni salamu tu, naiitikia halafu naanza kazi.

Kazi yenyewe ni mzani. Nilinunua ule mdogo wa kuning'iniza, nauweka kwenye mkoba. Nikifika ghalani naomba nioneshwe belo lililokwisha kufunguliwa lenye alama ileile ninayoitaka, nachukua masweta kumi kutoka katikati, si ya juu, naning'iniza. Mara ya kwanza vijana wa pale walinifanya kichekesho: "Shangazi, kilo ya nyama bei gani?" Nikawaacha. Kumi yakija kilo tatu, kilo 45 ni masweta 150. Belo la laki tatu na sitini linakuja elfu mbili na mia nne kwa kila moja. Hapo tena hakuna wa kuniimbia. Kilichowanyamazisha ni siku niliyomwambia mwenye ghala belo lake moja limepungua; likapandishwa kwenye mzani mkubwa, kilo 41. Siku hizi ananiita mwalimu.

Nilijuaje? Kidole gumba. Belo lililotoka nje limebanwa na mashine, ukisukuma kidole kati ya mikanda unaumia wewe. Lile lilinipokea kama godoro. Nikageuza pembeni, mshono wa sandarusi una uzi wa rangi mbili. Wameshalifungua, krimu, yale mazuri kabisa, wametoa, wakalifunga upya. Harufu nayo inasema: mtumba una harufu yake ya dawa, hiyo haina shida, ila ukisikia ukungu, hata akuuzie nusu bei, ondoka. Maji yameingia, na doa la ukungu halitoki kwa sabuni wala dua.

Sweta moja moja nalinyoosha juani nione vitundu vya nondo, nashika kwapa, navuta shingo nione kama inajirudisha ilivyokuwa. Kama nina wasiwasi ni sufu au plastiki, nachomoa uzi nauwasha: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, plastiki inayeyuka inaacha punje ngumu. Wateja wangu wa Isyonje, wanaoamka na umande kwenye viazi, wananunua vyote viwili, lakini la sufu halisi ambalo halijarudi silitoi bila elfu kumi na tano.

Nikishafungua nagawa mafungu matatu: ya kutundika, ya kupanga mezani, ya kumwaga chini kwa buku. Yale ya kutundika peke yake lazima yarudishe hela ya belo. Masweta 45 kwa elfu nane nane, imerudi ile laki tatu na sitini, mengine ni ya ada na unga. Fungu hilo lisipofika arobaini, ghala lile silirudii. Vyepesi vikijichanganya humo sivihangaikii Mbeya, navituma Kyela kwenye joto la ziwani. Na ukinunua belo la mchanganyiko ukakuta nguo za ndani, usizitandaze mezani, TBS, shirika la viwango, ilishazipiga marufuku.

Masweta nanunua mwezi wa tatu, watu wanapowaza mashamba. Mwezi wa sita kila mtu ana akili ya kununua sweta, na mwenye ghala anaijua hiyo akili.

Mazulia 61? Arobaini na kitu aliyachukua fundi wa viti vya bodaboda, anajazia chini ya ngozi, kwa bei ambayo sitaitaja. Mengine wanangu waliwatandikia mbwa. Moja ninalo jikoni, nashikia sufuria. Halipitishi moto hata kidogo.