Kuchimba Bitikoini Nyumbani Tabora: Piga Hesabu ya Luku Kabla ya Kununua Mashine

Kuchimba bitikoini, sarafu ya kidijitali, ni kuiachia mashine ishindane na nyingine duniani kukisia namba inayothibitisha miamala, na mshindi hupewa bitikoini mpya. Kama unatafuta kipato, kuchimba bitikoini nyumbani kwa umeme wa Luku hakulipi. Kama unataka kuujua mtandao huu kwa mikono yako, na uko tayari kuulipia kama wengine wanavyolipia king'amuzi ili waone mpira, basi inawezekana, na mimi nafanya hivyo hapa Ng'ambo, Tabora mjini. Naandika kwa sababu vijana wanauziwa mashine kuukuu kwa ahadi ambazo hesabu ya dakika tano ingezivunja.

Natumia Bitaxe Gamma. Ni mashine ndogo ya bodi moja, yenye chipu moja ya BM1370, feni moja na kioo kidogo. Inatoa takribani terahashi 1.2 kwa sekunde, yaani inakisia mara trilioni 1.2 kila sekunde, na inakula kama wati 18. Ukijumlisha kinachopotea kwenye adapta, ukutani zinasoma wati 20 hivi. Hiyo ni uniti 0.48 kwa siku, uniti 14.4 kwa mwezi.

Sasa mapato. Tangu Aprili 2024 kila bloku, yaani kila fungu la miamala linalothibitishwa, inatoa bitikoini 3.125, na bloku moja hupatikana kwa wastani wa dakika 10, kwa hiyo dunia nzima inagawana bitikoini 450 kwa siku. Chukulia nguvu ya mtandao mzima ni eksahashi 1,000 (terahashi bilioni moja), bitikoini ni dola 100,000, na dola ni shilingi 2,500. Terahashi 1.2 zinakupa satoshi 54 kwa siku (satoshi milioni 100 ni bitikoini moja), yaani shilingi 135. Kwa mwezi ni kama shilingi 4,050. Bei ikibadilika, weka namba za siku hiyo. Njia ya hesabu ni ileile.

Upande wa umeme ndipo mambo yanapoamuliwa. Mwenye Luku ya kundi la T1, la matumizi ya kawaida, analipa takribani shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo, kwa hiyo uniti 14.4 ni kama shilingi 5,130. Unapoteza zaidi ya elfu moja kila mwezi. Mwenye D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, analipa shilingi 122 kwa uniti, jumla 1,757, anabakiwa na kama 2,290. Lakini D1 ina mpaka wa uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya ziada inakwenda kwenye shilingi 427, na ukizoea kuvuka unahamishiwa T1, nyumba nzima, na taa na friji na pasi. Kwa hiyo naangalia matumizi ya nyumba: yakikaribia uniti 75 kabla mwezi haujaisha, mashine inazimwa hadi tarehe moja. Kwa shilingi 427, umeme wake ni shilingi 205 kwa siku ili upate 135.

Usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi, pima. Mita ya umeme ina kitaa kinachopepesa, na pembeni imeandikwa idadi kama 1000 imp/kWh, yaani pepesa 1000 kwa kila uniti. Zima kila kitu ndani, acha mashine peke yake, halafu hesabu sekunde kati ya pepesa moja na nyingine. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, jibu ni wati. Mashine ya wati 20 inapepesa kila baada ya sekunde 180. Ukiona sekunde 36, unakula wati 100.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa Antminer S9, mashine kuukuu za kuchimba zinazozungushwa kwa bei ya chini. Terahashi 13.5, wati 1,350 hivi. Inaingiza kama shilingi 1,500 kwa siku na inakula uniti 32, zaidi ya shilingi 11,500 kwa T1. Na kelele yake hailaliki nayo chumba kimoja. Kadi za michezo ya kompyuta nazo zilipoteza kazi yao kubwa Septemba 2022, Ethereum, sarafu nyingine ya kidijitali, ilipoacha uchimbaji. Ama programu za simu zinazodai unachimba kwa kubonyeza kitufe: zikikwambia utume pesa kwanza ili kasi ipande, simama hapo hapo.

Kuiwasha si kazi. Bitaxe Gamma inataka volti 5 tu, adapta ya ampea 6 yenye plagi ya duara ya milimita 5.5 kwa 2.1. Adapta za router za volti 12 zina plagi inayoingia bila shida, na hapo ndipo bodi nyingi zinaungua; soma kibandiko cha adapta kwanza. Tundu la USB-C ni la kuwekea programu, si la kuchimbia kwa chaja ya simu. Ikiwaka inatoa Wi-Fi yake. Unganisha simu, fungua 192.168.4.1, weka jina na nywila ya Wi-Fi ya nyumbani. Iwe ya GHz 2.4, maana ya GHz 5 haiioni kabisa. Kisha weka anwani ya seva, kwa mfano solo.ckpool.org bandari 3333, na kwenye jina la mtumiaji weka anwani ya waleti yako (pochi ya kidijitali ya bitikoini), nukta, halafu jina la mashine. Bando linaloliwa ni dogo, ni vipande vya maandishi tu.

Hapo utachagua: peke yako au kwenye puli, wachimbaji wakiunganisha nguvu na kugawana. Peke yako, ukipata bloku ni yako karibu yote, ila kwa terahashi 1.2 wastani ni bloku moja kwa zaidi ya miaka 15,000. Kwenye puli unapata satoshi zako 54, lakini uliza kiwango cha chini cha malipo. Puli ya Ocean, kwa mfano, inalipa kwenye mnyororo wenyewe (daftari kuu la bitikoini) ukifikisha satoshi 1,048,576, na kwa kasi hii hiyo ni miaka zaidi ya 50, isipokuwa upokee kwa Lightning, njia ya pembeni ya kutuma kiasi kidogo cha bitikoini.

Na gharama ya mashine yenyewe? Tuseme imekufikia kwa shilingi 300,000. Kwa bei ile ya dola 100,000, pesa hiyo ni sawa na satoshi 120,000. Mashine itazichimba kwa miaka sita bila kuhesabu umeme, na zawadi ya bloku inatarajiwa kukatwa nusu tena mwaka 2028. Kodi nayo ipo: tangu Julai 2024 sheria ya Tanzania inakata asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, na Benki Kuu ilishatangaza mwaka 2019 kwamba fedha halali hapa ni shilingi.

Kinachoua mashine Tabora ni joto, vumbi na radi. Nimeiacha chipu kwenye kasi ya MHz 525 na milivolti 1,150, vipimo vya kiwandani. Chipu ikifika nyuzi 75 inajizima yenyewe. Mimi nataka ibaki chini ya 65. Septemba na Oktoba, chini ya bati lisilo na dari, mchana inapanda haraka, kwa hiyo naichimbisha usiku na kuizima saa nne asubuhi. Feni isafishwe kwa brashi laini kila mwezi, ukiwa umeishikilia isizunguke. Joto likipanda ghafla na feni ni safi, fungua sinki ya joto, kile chuma kinachopoza chipu: mara nyingi pesti ya kupitisha joto iliyo kati yao imekauka. Umeme ukikatika na kurudi, volti huruka, kwa hiyo adapta inapitia friji gadi, kifaa cha kukinga volti zinazoruka. Kuanzia Novemba, wingu likianza kunguruma, nachomoa adapta ukutani, maana friji gadi haizuii radi.