Macheo ya Malindi na Swali la Mpwa Wangu

Alfajiri ya leo nilikuwa ufukweni Malindi na mpwa wangu, tukilingoja jua lichomoze baharini.

Nilikuwa nikimsimulia kuhusu setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa hapa jirani, Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, ndipo akaniuliza: "Mjomba, chombo kilicho juu ya hewa yote kinajuaje ozoni iko kimo gani?"

Swali hilo kuhusu ozoni, gesi ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua, lilinifurahisha mno.

Nilimweleza kwamba chombo kiitwacho SAGE III, kilichopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017, hulitazama jua linapochomoza au kuzama ukingoni mwa dunia, na kwa kuwa mwanga wake hupenya angahewa kimo baada ya kimo, kiasi kinachofyonzwa na ozoni katika kila kimo hupimika. Ozoni nyingi hukaa kati ya kilomita 15 na 35.

Jua likatoka, jekundu. Yeye akanyoosha mkono, akaviweka vidole vyake kimoja juu ya kingine kuanzia usawa wa maji, akihesabu polepole jua lilivyovipanda.

Nilishindwa kusema neno.

Ndugu zangu, watoto wenu wamewahi kuwauliza nini kuhusu anga?