Ulibeba nini? Ninavyoendesha kikao cha masimulizi na majirani hapa Goma

Kikao cha majirani kusimuliana ili wazoeane kinaharibika au kinanoga kwenye swali la kwanza. Waulize majirani wa mtaa wa Majengo, hapa Goma mashariki mwa Kongo, "Mlijisikiaje volkeno ilipolipuka?" utajibiwa "Tuliteseka sana, Mungu alitusaidia," habari imekwisha. Siku hizi nauliza "Ulibeba nini?" Hapo mtu anatazama mikono yake kwanza. Papa mmoja alibeba sufuria ya maharage ikiwa bado ya moto, akatembea nayo mpaka Sake, kitambulisho akakiacha mezani. Mama mmoja alifungua pochi akatoa ufunguo wa nyumba iliyofunikwa na makoro, yaani mawe ya lava, mwaka 2002. Mlango haupo, ukuta haupo, ufunguo unang'aa kwa kushikwashikwa.

Goma ni mji wa watu waliotoka Masisi, Rutshuru, Lubero, Bukavu. Parseli mbili, yaani viwanja viwili vya nyumba, zinatenganishwa na ukuta wa makoro, na wenyewe hawajuani hata majina. Ila mtu mzima yeyote aliyekulia hapa anayo tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, na vijana wanaikumbuka Jumamosi jioni ya 22 Mei 2021, kisha ile hama-hama ya tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ilipoamriwa kuondoka. Ndiyo maana naanzia Nyiragongo, volkeno yetu. Moto ule haukumuuliza mtu kabila lake. Vita sivigusi katika kikao cha majirani: jina moja likitajwa mbele ya watu usiowajua vizuri, laweza kumletea msimulizi matata usiku uleule.

Nachukua watu saba. Kila mmoja anapewa dakika saba za kusimulia na nne za kuulizwa, jumla kama saa moja na dakika ishirini. Ukizidisha hapo, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, anaanza kuhesabu mtaji wake kichwani. Tunakaa Jumapili saa tisa alasiri, watu wakishatoka kanisani, ili kila mtu awe kwake kabla ya giza. Mvua ikipiga mabati naahirisha, maana masimulizi ya kupigiana kelele hayafai kitu.

Viti viwe vya kimo kimoja. Mambo madogo haya watu huyadharau, lakini ukimpa mkubwa wa avenue, yaani kiongozi wa barabara yetu, kiti cha mikono, wote wataongea wakimtazama yeye kama wanaotoa ripoti. Mzee namwachia heshima ya kufungua na kufunga kwa salamu. Simulizi ya kwanza nampa mtu niliyeongea naye siku iliyotangulia, anayejua kukomea dakika ya saba, kwa kuwa wanaofuata wataiga urefu wake. Akianza mzee na kwenda dakika ishirini, nani atamkata?

Wanaosikiliza ndio wenye kazi ngumu. Nawakataza maneno mawili tu: "hata mimi." Mtu akisema "nililala barabarani siku tatu," mwenzake atadakia "hata mimi, tena mvua ilininyeshea," na kikao kinageuka mashindano ya mateso. Ushauri nao nimeukataza. Kinachoruhusiwa ni swali juu ya kitu kilichotajwa: "Papa, ile sufuria ilikuwa na mfuniko?" Swali dogo namna hiyo linamwonyesha msimulizi kwamba ulitembea naye njia nzima. Nimeona mtu akinyooka mgongo kwa sababu ya swali la mfuniko.

Mtu akilia, tumezoea kumkimbilia na "pole mama, nyamaza." Nyamaza hiyo inamfunga mdomo. Nasubiri kidogo, kisha nauliza taratibu: "Tuendelee ao tupumzike?" Lakini akitetemeka, pumzi ikamkatika, macho yakaenda mbali, simulizi inakoma palepale. Anatoka nje na mtu anayemwamini, anaulizwa anaona nini mbele yake: mti, bidoni ya maji, chukudu ile ya mbao ya kusukumia mizigo. Baadaye tunamsindikiza kituo cha afya kwa mtu aliyesomea kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani lenyewe linaonya kwamba aliyepatwa na msiba asibanwe kusimulia, na mimi sijawahi kuona faida ya kumbana. Anayetaka kukaa kimya, akae, chai yake ipo.

Simu zote zinaingia kapuni mlangoni. Kanuni hiyo imekuja kwa hasara: siku moja sauti ya mama ilirekodiwa kwa siri, ikazunguka WhatsApp kabla jua halijazama. Hakurudi tena, wala simlaumu.

Neno moja juu ya pesa. Hapa tumezoea semina zenye "transport" mwishoni. Mimi silipi. Ukilipa, msimulizi anaanza kukata kitambaa kwa kipimo cha mlipaji: mateso yanaongezwa chumvi, vichekesho vinaachwa nyumbani, na vichekesho ndivyo hasa vinavyowafanya majirani wazoeane. Tunachangishana ya chai, sukari na mandazi, basi.

Usitegemee makubwa kikao cha kwanza, watu bado wanapimana. Mimi naangalia yanayotokea bombani na njiani baada ya kikao cha pili au cha tatu. Yule wa maharage sasa avenue nzima inamwita Papa Sufuria, na anaitika.