Siku Mama Alipoitwa Kutoa Ushahidi

Daktari aliniambia nije na mtu aliyenijua nikiwa mdogo. ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kukaza mawazo au kutulia, haina kipimo cha damu. Kinachotafutwa ni historia, na kwa vigezo vya Marekani vya 2013, dalili kadhaa lazima ziwe zilijitokeza kabla ya umri wa miaka 12. Nikaenda na mama. Alivaa kama anakwenda mahakamani, mkoba mapajani, uso kaukunja.

Kabla ya hapo nilitibiwa sonona, kisha wasiwasi. Vyote nilikuwa navyo, sikatai. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza imekuwaje mtu aliyefaulu mitihani anashindwa kujaza fomu ya kurasa mbili, au anakatiwa umeme ilhali pesa ya bili anayo.

"Alikuwa anahangaika darasani, hatulii?" daktari alimuuliza.

"Huyu?" Mama akacheka. "Huyu alikuwa mpole. Ukimkalisha hapo, utamkuta hapohapo."

"Na kazi za shule?"

Mama akafungua mkoba. Kumbe ripoti zangu alikuwa amezitunza zote! Miandiko tofauti, maneno yaleyale: ana akili, ila mawazo yake hayapo darasani, angejitahidi kidogo angekuwa mbali. "Masweta alipoteza mpaka nikachoka kununua," akasema. "Na usiku nilikaa naye mezani hadi amalize. Nikiinuka tu, macho yapo kwenye daftari, mwenyewe hayupo."

Daktari alikuwa anaandika mfululizo. Alitueleza kwamba ADHD ya aina hiyo, ya kukosa umakini bila purukushani, ndiyo inayopita bila kuonekana kwa wasichana wengi, maana utafiti wa zamani uliwatazama zaidi wavulana. Mtoto asiyemsumbua mwalimu nani atampeleka hospitali?

"Basi na mtoto wa mdogo wangu alikuwa nayo," mama akasema ghafla.

Kaka yangu huyo alikuwa kinyume changu: akijibu kabla hajaulizwa, akipanda madawati. Shuleni kwetu watoto weusi tulikuwa wachache, na yeye walimwandika mkorofi, wakamrudisha nyumbani mara kwa mara, mwisho wakamfukuza. Tafiti za Marekani zimeonyesha jambo hilohilo: watoto weusi hugunduliwa na kutibiwa ADHD kwa nadra kuliko weupe wenye dalili zilezile. Wa kwetu daktari hakumwona kabisa, na hilo bado linaniuma kuliko la kwangu.

Dawa ndizo zilizozua ubishi. Mama hakutaka nipewe "vitu vya kumpumbaza mtu." Daktari hakumkatiza. Alinipima presha na mapigo, akauliza kama kwetu kuna ugonjwa wa moyo, akaeleza kwamba methilifenideti, dawa ya ADHD, huanzwa kwa dozi ndogo na kuongezwa taratibu, na kwamba nitahitaji pia mtu wa kunisaidia kupanga siku zangu.

Niliporudi kuangaliwa, nilimwambia dawa inasaidia, ila siku chache kabla ya hedhi ni kama sijameza kitu. Nilitegemea aniambie nipunguze mawazo. Akasema wanawake wengi humweleza hivyo, huenda ni kwa sababu ya kushuka kwa estrojeni, homoni ya kike, akaniomba niandike tarehe zangu kwenye kalenda nimletee.

"Na hedhi ikikoma je?" akauliza mama, ambaye safari hiyo hakuna aliyemwita.