Mayai Mekundu na Tui la Nazi

Mwaka 2013 nilikula Pasaka mbili. Ya kwanza, tarehe 31 Machi, niliila peke yangu chumbani Thessaloniki, Ugiriki: wali na kuku wa jana. Nilipompigia simu Mama, kule kwetu Muheza, Tanga, nikamwambia hapa Pasaka ni mpaka tarehe 5 Mei, alinyamaza kidogo.

"Bado vipi, mwanangu? Sisi tumeshakula na vyombo tumeosha."

Nikamweleza kwamba Wakristo Waorthodoksi huhesabu Pasaka kwa kalenda ya zamani. "Haya," akasema, "na wewe subiri ya kwao."

Nilikuwa nakaa kwa mama mmoja mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Kyria, yaani Bibi kwa Kigiriki. Namsaidia kazi za nyumbani, naye hanidai kodi. Kwaresima nzima hakugusa nyama, maziwa wala yai. Lakini kuku hawafungi, na wiki ya mwisho shemeji yake wa kijijini akatuletea trei nzima.

Mayai hupakwa rangi Alhamisi Kuu, nyekundu tu, rangi ya damu ya Kristo. Dukani rangi ya unga ipo, tena bei ndogo, ila Kyria hakuitaka. Alikuwa na mfuko wa maganda makavu ya vitunguu aliyoyakusanya tangu Februari. Akayachemsha na siki mpaka maji yakawa kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Mimi, kwa haraka zangu, nikatoa mayai kwenye friji na kuyatumbukiza humo moja kwa moja. Matatu yakapasuka palepale, ute ukachomoza kama uzi. Kyria hakusema kitu. Alinyoosha kidole kwenye friji, kisha kwenye sufuria, akatikisa kichwa.

Yaliyobaki yalitoka rangi ya tofali. Tuliyafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya zeituni yakang'aa. La kwanza kabisa akaliweka mbele ya picha ya Bikira Maria, akashusha la mwaka uliopita na kunipa nilishike. Lilikuwa jepesi, na ukilitikisa kiini kikavu kinagonga ndani. Kwetu yai lilikuwa la mgeni au mgonjwa, mengine tunamwachia kuku ayaatamie. Kuchemsha trei nzima kwa siku moja kungeitishiwa kikao cha ukoo.

Jumamosi usiku tulirudi kutoka kanisani na mishumaa inawaka. Supu ya kufungulia ilikuwa tayari jikoni, maini na utumbo wa mwanakondoo, imebaki kutiwa mayai na ndimu. Mikono yake ilikuwa inamsumbua, akaniachia upawa. Nikajisemea, hii naijua: ni kama tui zito, unamimina huku unakoroga lisikatike. Nikainua bakuli la mayai kuelekea sufuriani.

Alinidaka kifundo cha mkono. "Ochi, ochi!" Hapana, hapana.

Kumbe ni kinyume. Mchuzi wa moto ndio unaofuata mayai bakulini, upawa mmoja, unapiga, upawa wa pili, unapiga, mpaka mayai yazoee joto. Ndipo vyote vinarudi sufuriani, na moto unazimwa. Ikichemka tu, umepata mayai ya kuvuruga yanayoelea kwenye supu.

Kabla ya kula tuligonganisha mayai, ncha kwa ncha. "Christos anesti," akasema, Kristo amefufuka. Jibu la Kigiriki likanitoka kichwani, nikajibu kama tunavyojibu Muheza: "Amefufuka kweli kweli." Akacheka, akalipasua yai langu. Mwenye yai zima ndiye mwenye bahati mwaka huo, na huyo mama sikumshinda hata mara moja.

Watoto wake walikuwa Ujerumani. Kazi Ugiriki zilikuwa zimekauka. Hawakuja. Jumanne tulikuwa bado na mayai kumi na kitu, nikamwomba nipike mchuzi wa kwetu. Nilikaanga kitunguu, nyanya, kitunguu saumu na binzari. Nikayamenya mayai, ute wake una michirizi myekundu kama ramani ya mito, nikayatia. Mwisho nikafungua kopo la tui. Kyria alikuwa amesimama nyuma ya bega langu tangu mwanzo, kimya. Mchuzi ulipoanza kutoa mapovu pembeni, mkono wake ukapita mbele yangu na kuzima jiko.

Nikaliwasha tena. "Hili, Kyria, huachwa lichemke."