Muheza ya zamani ilikuwa kubwa hatari

Watu wengi hapa Tanga, hasa vijana, wanadhani wilaya zetu zimekuwepo hivi hivi tangu enzi na enzi, kumbe wapi. Mkinga haikuwepo kabisa kwenye sensa ya 2002, maana ile yote ilikuwa Muheza, kwa hiyo Muheza ilianzia milimani Amani ikashuka mpaka baharini ikagusa mpaka wa Kenya pale Horohoro, sasa piga picha mtu wa Duga Maforoni anataka kufuatilia karatasi zake wilayani, nauli peke yake balaa! Leo Muheza haina tena mpaka na Kenya, na mimi naona walifanya vizuri kuigawa.

Kilindi nayo ilimegwa kutoka Handeni 2002, makao yake yako Songe, na ukiijua barabara ya Handeni kwenda kule kipindi cha mvua utaelewa kwa nini watu walihitaji wilaya yao. Bumbuli ni tofauti kidogo, ile ni halmashauri, lakini wilaya bado Lushoto, ambayo Wajerumani waliita Wilhelmstal.

Kinachoniuma ni takwimu jamani. Mtu anachukua idadi ya watu wa Muheza 2002 anaiweka na ya 2012 halafu anasema watu wamehama, wakati ni mstari tu wa ramani umesogea na watu wako kwao palepale. Ukitaka kulinganisha, jumlisha Muheza na Mkinga kwanza.