Starlet ya mama inapiga chafya

Pistoni ya silinda ya tatu ipo hapa mezani. Naitumia kukandamizia risiti zisipeperushwe na feni. Ukiigeuza utaona pale kati ya ringi ya kwanza na ya pili kipande kimeng'oka, kama jino la mtoto. Kipande chenyewe sikukipata chote. Sehemu niliikuta kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na nyingine nadhani ilipitia kwenye tabo, ile pampu inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi kwenye injini, ikatoka na moshi pale Tabata, Dar, saa mbili usiku, siku ambayo nilikuwa najiona mtaalamu.

Gari ni Toyota Starlet EP82 ya mwaka 1994, milango mitano, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala, namba ya usajili ya herufi A. Ilikuwa ya mama. Mama ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na macho yake hayapendi tena taa za magari ya usiku, basi akaniachia kwa sharti moja: siku akiwa na safari, nimpeleke kwa gari lake. Hilo "lake" alilitamka kwa mkazo.

Ambaye hakuwahi kushika spana hatajua kwamba Toyota walitoa gari hilihili likiwa na tabo. Liliitwa Starlet GT Turbo. Injini yake, 4E-FTE, ina ujazo uleule wa cc 1331 kama 4E-FE iliyokuwa kwenye gari la mama, lakini inatoa nguvu farasi 135, na gari lenyewe halifiki kilo 900. Kwenye dashibodi kulikuwa na kitufe cha kuchagua presha ya tabo, ndogo au kubwa. Baadaye kwenye EP91, Starlet iliyofuata, ikaja Glanza V. GT zote zilikuwa za milango mitatu na zilikuwa na pua juu ya boneti ya kuvuta hewa. Mimi pua sikuitaka. Nilitaka gari libaki na sura ya mwalimu mstaafu anayekwenda kununua vocha, halafu likifika mlima wa Kimara lifanye mambo yake.

Ilala nikapata hafukati: pua nzima ya GT iliyokatwa Japani kuanzia kwenye kioo cha mbele, injini, gia boksi, waya, kontrol boksi (kompyuta ya injini), breki za mbele na rejeta, vyote mahali pake. Hii ndiyo njia nzuri. Ukinunua injini peke yake utamaliza mwaka unatafuta soketi moja ya waya. Kuipachika haikuwa kazi ngumu kwa sababu mauntingi, vile vishikizi vya injini, zilikubali karibu zote. Wiki tatu za jioni na Jumapili kwenye gereji ya Mzee mmoja Tabata, chini ya mkungu. Nikapeleka namba ya injini mpya TRA, mamlaka ya mapato, ili kadi isigombane na gari. Ujazo haukubadilika, kwa hiyo hata kwenye kadi gari la mama lilibaki la kistaarabu.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akiba benki.

Farasi 135 kwenye kigari chepesi namna ile ni furaha kwa miezi miwili hivi. Mwezi wa tatu unaanza kusoma usiku. Nikaona watu wanapandisha presha ya tabo na kufika mbali, wengi wao kwa kufunga kiboksi kidogo, saizi ya kiberiti, katikati ya sensa na kontrol boksi. Nikakiagiza.

Injini hii haina kifaa cha kupima moja kwa moja hewa inayoingia. Ina sensa ya presha ya menifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Kontrol boksi inasoma presha hiyo, joto la hewa na kasi ya injini, kisha inakadiria petroli ya kumwaga. Presha ikipita kikomo kilichowekwa na Toyota, inakata petroli papo hapo, na gari linashtuka kama limegonga tuta gizani. Huo ni ulinzi. Kazi ya kile kiboksi ni kusema uongo: presha ya kweli inapanda, chenyewe kinaripoti kwamba bado iko chini ya kikomo. Kontrol boksi ikiamini, haikati petroli. Ila haiongezi pia, kwa sababu kwa hesabu zake ile hewa ya ziada haipo.

Hewa ipo, petroli haitoshi, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake. Injini inagonga. Ukiwa na masikio unasikia kitu kama kokoto ndani ya kopo. Mimi nilikuwa nimefunga eksosi ya inchi mbili na nusu kwa majivuno, nikawa nasikia eksosi tu.

Mzee alipofungua hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, hakusema kitu kwa muda. Alichukua kitambaa akafuta mikono, akaingia ndani ya gari, akatoka na kile kiboksi kikining'inia kwenye waya zake.

"Kijana, hii injini wewe hukuiua," akasema. "Wewe ulimleta tu muuaji, ukamlipia na nauli."

Pistoni za kiwandani za 4E-FTE ni za kumimina kwenye kalibu, na hapo katikati ya ringi ndipo udhaifu wake ulipo. Zinavumilia presha ya kiasi, kugonga hazivumilii. Nikaagiza za kufua, kama mhunzi afuavyo jembe, pamoja na gasketi ya chuma ya silinda hedi. Bloku ikapanuliwa kidogo kuzifuata. Jumla ya gharama sitaiandika hapa, kuna ndugu wanasoma.

Safari hii nikaanza na petroli kabla ya tabo. Lengo langu lilikuwa farasi 200. Injini ya tabo, ukiilisha vizuri, hula kama gramu 270 za petroli kwa kila farasi kwa saa. Jioni moja nilikuwa mezani na daftari, mama akapita na chai yake, akauliza nafanya nini. Nikamwambia napiga hesabu za jenereta ya mteja. Kumpa mwalimu hesabu ni kama kumpa paka dagaa. Akavuta kiti, akaomba kalamu.

"Farasi mia mbili mara gramu mia mbili sabini, hiyo ni kilo hamsini na nne. Lita moja ya petroli ina uzito gani?"

"Kama kilo sifuri nukta saba nne, mama."

"Basi lita sabini na tatu kwa saa. Ina nozeli ngapi?"

"Nne."

Akagawanya, akashuka mpaka cc kwa dakika: 304 kwa kila nozeli, kile kifaa kinachomwaga petroli kwenye injini. Nikamweleza kwamba nozeli haitakiwi kuachwa wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, akagawanya tena akapata 380. Akapigia mstari mara mbili kama alivyokuwa akifanya ubaoni, akasema, "Jenereta gani hiyo? Mwambie mteja wako atafute umeme wa jua." Nikaagiza nozeli za cc 440, na pampu ya petroli ya kuzitosha.

Kontrol boksi ya Toyota nikaistaafisha. Nimeweka Speeduino, ile ya kujiundia ambayo moyo wake ni bodi ya Arduino Mega 2560, unaipanga kwa kompyuta kwa programu ya TunerStudio. Si kwamba ni bora kuliko zote. Ni kwamba bei yake naiweza, na ikikosea naona imekosea wapi. Siku nne za mwanzo injini ilikuwa ikifika mizunguko 4000 inakata kama mtu mwenye kwikwi. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikamlaumu aliyeniuzia. Kumbe waya za ishara kutoka kwenye distribyuta, kigawa umeme wa plagi, nilizipitisha ubavuni mwa waya za plagi, kontrol boksi ikawa inahesabu cheche za jirani. Nikazihamisha na kuzivika ngao, kwikwi ikaisha. Aliyeniuzia sijamwomba radhi bado.

Tabo sasa ni TD04 ya Mitsubishi, aina inayopatikana kwenye Subaru, na Subaru za kuchinjwa Dar hazikosi. Lakini haikai pale ilipokuwa ya zamani bila menifodi mpya ya eksosi. Gerezani kuna fundi wa kuchomelea aliyenikatia mabomba mazito na kuyaunganisha vizuri kabisa, huku akiuliza kama ni ya mashine ya kusaga. Ya kwanza ilipasuka baada ya wiki tatu. Kosa ni langu: tabo ni zito, nami nililiacha lining'inie kwenye menifodi bila mkono wa kulishika. Ya pili ina mkono. Bomba la kurudisha oili nalo nililikunja vibaya, oili ikawa inakwama ndani ya tabo na gari linafuka kama jiko la kuni. Oili hiyo hairudi kwa presha, inateremka kwa uzito wake tu, kwa hiyo bomba linataka unene na mteremko.

Sehemu niliyoifurahia kuliko zote ni intakula, rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, kwa sababu hapo niliingia nyumbani. Kazi yangu inayonilisha ni AC na majokofu. Fundi yeyote wa AC anajua kwamba gesi ukiibana inapata moto, ndiyo maana bomba linalotoka kwenye kompresa hulishiki kwa mkono. Tabo nayo ni kompresa. Chukua hewa ya Dar ya nyuzi 30, ibane mara mbili ya presha yake: hata kama tabo linafanya kazi vizuri, hewa inatoka ikiwa na nyuzi zaidi ya 110. Hewa ya moto inabeba oksijeni kidogo na inaikaribisha injini kugonga. Intakula ni kondensa, tofauti yake ni kwamba hakuna kitu kinachogeuka kimiminika ndani yake. Ya GT inakaa juu ya injini, kwenye joto lote linalopanda, ikitegemea ile pua ya boneti. Kwenye baridi ya Japani sawa. Kwenye foleni ya Buguruni, saa nane mchana, na boneti yangu isiyo na pua, nilisoma nyuzi 71 za hewa inayoingia kwenye injini. Nikatafuta intakula ya lori dogo, nikaikata na kuifupisha, nikaipachika mbele nyuma ya bampa na kuipaka rangi nyeusi isionekane. Buguruni ileile sasa nasoma 44. Nimeshafunga AC za maofisi makubwa, hakuna iliyonipa usingizi mtamu kama hiyo 44.

Kuipanga tulikwenda alfajiri za Jumapili kwenye kiwanja cha rafiki anakolaza malori, njia iliyonyooka kama mita 300. Mpwa wangu wa miaka kumi na saba alikaa kando na kompyuta mapajani, anasoma kwa sauti geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Gari likitembea kwa utulivu inatakiwa isome 14.7, yaani sehemu hizo za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Tabo likiamka naitaka ishuke mpaka 11.5, petroli nyingi ya kupooza moto. "Mjomba, kumi na mbili! Kumi na mbili na nusu, achia!" Naachia. Tunasimama, tunaongeza petroli kwenye kisanduku kimoja cha jedwali, tunarudi. GT ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu ya Japani, isiyogonga upesi, mimi najaza ya kituo chochote, kwa hiyo cheche nimezirudisha nyuma digrii kadhaa na presha nimeikomesha baa 1.0. Najua kuna farasi nimewaacha zizini. Wakae.

Je, nimefika 200? Sijaipandisha kwenye mashine ya kupimia, na anayetaja namba bila kupima anauza kitu. Ninachojua ni kwamba gia ya pili tairi zinateleza kwenye lami kavu, na ukikanyaga ghafla usukani unavuta upande mmoja kama mbuzi aliyeona majani. Barabarani yote hayo yana matumizi madogo. Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, kuna ndugu zetu askari wenye tochi za kupima mwendo, na kosa moja ni shilingi 30,000.

Jumamosi iliyopita mama alikuwa na msiba Kibaha. Akaketi mbele, akafunga mkanda, mkoba mapajani. Nikaendesha kama kijana aliyelelewa. Tulipomaliza foleni ya Mbezi kulikuwa na lori la mchanga linajikokota, mbele kweupe, nikalipita. Sikukanyaga hata nusu. Nilipoachia, vali ya kutolea presha ikafanya kazi yake: pshuu!

"Gari lina mafua?" mama akauliza.

"Ni upepo tu, mama."

Akanyamaza. Alikuwa ameushikilia mkoba kwa mikono miwili, macho yake kwenye geji. Tukapita lori lingine, geji ikashuka kutoka kumi na nne mpaka kumi na moja, akaisindikiza kwa macho mpaka ilipopanda tena. Hakusema neno mpaka tukakaribia Kibaha.

"Ile jenereta ya lita sabini na tatu kwa saa," akasema, "ndiyo hii nimekaa ndani yake?"